Sura ya Sita: Ratili Mbili za Unga

Mwezi Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts liliondoka eneo la Kahe na kuteremka kusini kwa safu tatu. Safu ya kwanza ilifuata reli ya Tanga–Moshi, chini ya milima ya Upare. Ya pili iliambaa na Mto Ruvu, ule ambao mbele unaitwa Pangani. Ya tatu, ya askari wa King's African Rifles (KAR), kikosi cha Waafrika cha Waingereza, chini ya Luteni Kanali Fitzgerald, ilitoka Mbuyuni, ng'ambo ya mpaka, ikaizunguka Upare Kaskazini kwa nyuma na kupenya kwenye pengo la Ngulu. Mtu wa Kwakoa, huku Upare Kaskazini, hahitaji ramani kuiona njia hiyo. Ni nyika kavu ile ile iliyo kati ya Ziwa Jipe na Mkomazi, ambako leo malalamiko ni maji na tembo. Wajerumani wa Meja Kraut, waliokuwa wakiilinda reli, walihofia kukatiwa njia, wakarudi nyuma huku wakivunja madaraja na kuharibu reli. Mwisho wa mwezi Waingereza walikuwa Buiko.

Mwendo huo unasifiwa katika vitabu vya kijeshi. Safari ndefu, siku chache, hakuna pigano kubwa, na askari waliouawa ni wachache. Kwa hesabu ya majenerali, ilikuwa kazi safi.

Hesabu hiyo ina kasoro moja: imehesabu wenye bunduki tu. Nyuma ya bunduki walikuwa watu waliobeba unga, mchele, risasi, mahema, dawa, na viti vya maofisa vya kukunja. Na kando ya njia yalikuwa mashamba ya watu ambao hawakuwa na ugomvi na Mfalme wa Uingereza wala Kaisari wa Ujerumani. Tunapojadili raia wanaokufa vitani, swali la kwanza huwa bomu liliangushwa wapi na rubani alikusudia nini. Ni swali la haki. Lakini Afrika Mashariki imepoteza raia wengi zaidi kwa njia nyingine: kwa maamuzi ya ghala na posho, yaliyosainiwa na watu ambao pengine hawakumnyooshea raia hata fimbo. Sura hii inahusu maamuzi hayo.

Tuanze na mpagazi mmoja. Anabeba mzigo wa ratili 50, yaani kilo 23 hivi. Posho yake ni ratili 2 za unga kwa siku, na jeshi halina chakula kingine cha kumpa ila kile kilicho juu ya kichwa chake au cha mwenzake. Kambi ya mbele ikiwa mwendo wa siku 5, atakula ratili 10 akienda na 10 akirudi. Askari watapata 30. Kambi ikisogea hadi mwendo wa siku 10, atakula ratili 40, na askari watapata 10. Ikifika siku 12 na nusu, mzigo wote umeishia njiani. Jeshi limemlisha mpagazi ili abebe chakula chake mwenyewe porini na kurudi mikono mitupu.

Bwana ghala anaijua hesabu hii kuliko jenerali, na anajua pia pa kukata. Akipunguza posho ya mpagazi kutoka ratili 2 hadi 1, katika safari ya siku 5 ameokoa ratili 10 kwa kila kichwa. Zidisha kwa watu 1,000 na utaona ni kishawishi cha namna gani. Hakuna anayeandika amri ya kuua. Inaandikwa amri ya nusu posho. Mwanzoni mwa 1917, mvua zilipofurika bonde la Rufiji na barabara kugeuka matope, amri za namna hiyo zilitolewa, na hata askari walionja njaa. Mpagazi ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni ya chakula na wa kwanza kwenye foleni ya mzigo.

Wanyama wangepunguza adha hiyo, lakini mbung'o walikwisha kuamua. Farasi, nyumbu na punda wa jeshi la Smuts walikufa maelfu kwa maelfu katika 1916, na jinsi jeshi lilivyosonga kusini ndivyo vichwa vya watu vilivyochukua nafasi ya migongo ya punda. Upande wa Waingereza peke yake, idadi ya wapagazi waliotumika mpaka mwisho wa vita inakadiriwa kufikia milioni moja. Wengine walijiandikisha, wengi walitolewa na machifu kwa idadi iliyopangwa na serikali, na wengine walikamatwa tu. Wapare, kama Wachaga na Wasambaa, walidaiwa watu na chakula na Wajerumani mpaka 1916, kisha bwana akabadilika na madai yakaendelea.

Tusiupite unga bila kuutazama. Anayejua kupika makande anajua kwamba mahindi hayana haraka. Wapagazi wengi walitoka nchi za ndizi, viazi, maharage na mtama, wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye chenga, unaohitaji moto wa muda mrefu. Wanafika kambini giza limeingia. Kuni zimelowa. Sufuria moja inagombewa na kundi zima, na alfajiri kuna safari. Unga unaliwa nusu mbichi. Chenga zinakwangua utumbo, kuhara kunaanza, kisha kuhara damu, na mtu mwenye kuhara damu anapewa tena unga ule ule. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliwaua wapagazi wengi mno kuliko risasi. Wa milimani waliteremshwa kwenye joto na mbu wasiowazoea. Wa pwani walipandishwa kwenye baridi bila blanketi la kutosha. Takwimu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi takribani 95,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba walizidi 100,000, kwa sababu aliyetoroka akafia porini, au aliyerudishwa kwao mgonjwa akafia nyumbani, hakuandikwa.

Haya hayakuwa siri. Oscar Watkins, aliyekisimamia kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, aliwapigia kelele wakubwa wake kuhusu chakula, mablanketi, madaktari na urefu wa safari. Mahali alipoweza, mambo yalibadilika: unga ulisagwa vizuri zaidi, wapishi wakatengwa kwa kazi hiyo, hospitali zikaongezwa. Kwa hiyo ilijulikana wazi kwamba vifo vile vinaweza kupunguzwa. Na ilhali ikijulikana hivyo, Machi 1917 serikali ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilianzisha msako mkubwa kuliko yote, chini ya John Ainsworth, kutafuta wapagazi zaidi wa kupelekwa kusini. Mshahara ulikuwa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi 3 ya kwanza, kisha 6.

Hapo ndipo hukumu yangu inapoangukia. Mpaka Septemba 1916 Waingereza walikuwa na Tanga, Dar es Salaam na reli zote mbili kubwa kwa kushirikiana na Wabelgiji, ambao waliingia Tabora tarehe 19 mwezi huo. Januari 1917 Smuts aliondoka, na alipofika London alizungumza kana kwamba kazi imekwisha na yamebaki masalia tu. Tukubaliane naye. Ikiwa yalibaki masalia, basi makumi ya maelfu ya vijana waliozolewa vijijini mwaka huo walipelekwa kufa kwa ajili ya masalia. Jenerali hawezi kushika yote mawili: sifa ya kwamba ameshinda vita, na udhuru kwamba vita vililazimisha.

Upande wa pili haukuwa bora, ingawa hadithi zake zinapendwa zaidi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, amevishwa joho la shujaa asiyeshindwa, muungwana aliyejisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita vya Ulaya kusimama. Wachache wanauliza alikula nini miaka yote minne. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae nje ya vita. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wazi kwa nchi za ukanda huu kutangazwa zisizo na upande, ikiwa mataifa yangekubaliana. Hayakukubaliana. Waingereza waliipiga Dar es Salaam kwa mizinga mapema Agosti 1914, na wiki iliyofuata Wajerumani wakaingia Taveta, mwendo mfupi kutoka Kwakoa. Lettow alifurahi. Mpango wake ulikuwa wazi tangu mwanzo: kuwashughulisha askari wengi wa Uingereza kadiri iwezekanavyo, kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, ili wasipelekwe Ulaya.

Katika mpango huo, nchi yenyewe ilikuwa kuni. Baada ya 1916 jeshi lake halikuwa na bandari wala reli. Lilikula ghala la kijiji kimoja, likahamia kingine, likachoma kilichobaki ili Waingereza wasikikute. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi hilo hilo, aliandika baadaye kwa uchungu juu ya mashamba yaliyoharibiwa na njaa waliyoiacha nyuma yao. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, mvua ilipokosekana hakukuwa na akiba iliyobaki. Njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917, inakadiriwa kuua watu 30,000, mmoja kati ya kila watano. Kisha homa ya mafua ya 1918 ikawakuta waliobaki wakiwa mifupa mitupu.

Hili nalo halikuwa geni kwa Wajerumani. Miaka kumi nyuma, katika Vita vya Maji Maji, chini ya Gavana von Götzen, Kapteni von Wangenheim alishauri kwamba risasi hazitatosha na kwamba njaa ndiyo itakayowanyenyekeza watu kabisa. Vijiji vilichomwa, mavuno yakateketezwa, mbegu zikachukuliwa. Serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000.

Kuna tofauti gani kati ya Wangenheim na Lettow? Watetezi wa Lettow wanajibu: nia. Wa kwanza aliitaka njaa. Wa pili alitaka chakula tu, njaa ikaja yenyewe. Jibu hilo lina uzito, na sheria ya kisasa imejengwa juu yake kwa kiasi kikubwa. Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977, ambayo Tanzania iliikubali mwaka 1983, inakataza kuwalenga raia, inakataza kuwaua kwa njaa kama mbinu ya vita, na inamtaka kamanda apime kama faida ya kijeshi inalingana na madhara yatakayowapata wasiohusika. Kabla ya hapo, wasia ambao Khalifa Abubakar aliupa jeshi lililokwenda Sham ulikwishataja wanawake, watoto, wazee, na hata miti ya matunda. Hayo ni mafundisho mema. Lakini yote yanamfaa zaidi kamanda anayetazama shabaha. Yanamwacha nusu huru kamanda anayetazama daftari la ghala.

Mimi sikubali kwamba nia inatosha. Mtu akikusudia jambo moja na akajua kwa hakika kwamba jambo la pili litafuata, kisha akaendelea mwezi baada ya mwezi huku ripoti za madaktari ziko mezani, lile la pili nalo ni lake. Mara ya kwanza ni ajali. Mara ya kumi ni sera. Na sera ndiyo inayopaswa kuhukumiwa, kwa sababu sera ina mwandishi, ina tarehe, na ilikuwa na njia mbadala.

Kwamba njia mbadala huwepo, ushahidi tunao nyumbani. Tanzania ilipoingia Uganda 1979, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera na kuua raia, askari wetu walibeba hasira ambayo kila mtu aliielewa. Masaka ilipotekwa mwezi Februari, mji ulibomolewa kwa mizinga na baruti, na Mbarara ikapata yake. Ilikuwa kisasi, na haikusaidia kushinda lolote. Nyerere alishtushwa na ripoti za uharibifu huo na akaagiza kwamba kuanzia hapo raia wa Uganda na mali zao visiguswe. Ilipofika zamu ya Kampala, ulifanywa uamuzi ambao ningependa ufundishwe katika kila chuo cha maofisa: barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iliachwa wazi ili askari wa Libya waliokuwa wakimsaidia Amin waondoke. Majeshi mengi yangeifunga barabara ile kwa sifa ya kuwateka au kuwamaliza maadui wote. Kuifunga kungeleta mapigano ya nyumba kwa nyumba ndani ya jiji lenye watu. Mji ulianguka Aprili 11 bila maangamizi yaliyohofiwa. Uporaji uliofuata ni doa, na tusiufunike. Lakini mji mmoja ulibomolewa kwa hasira na mwingine uliokolewa kwa amri, ndani ya wiki chache, na jeshi lile lile. Bahati haihusiki hapo.

Mfano wa pili ni Mogadishu. Mwaka 2010 na 2011 Al-Shabaab walirusha makombora kutoka soko la Bakara, na vikosi vya Umoja wa Afrika (AMISOM), wakati huo Waganda na Warundi, wakajibu kwa mizinga. Waliokufa sokoni walikuwa wauza nguo na wanunuzi wa mchele. Malalamiko yalipozidi, AMISOM ilipitisha mwongozo mpya wa matumizi ya mizinga na kulitangaza eneo la Bakara kuwa lisilopigwa. Baadaye ikaanzishwa ofisi ya kufuatilia vifo vya raia vinavyosababishwa na jeshi lenyewe. Ofisi hiyo haikukamilisha kila ilichoahidi. Hata hivyo jeshi lilikubali jambo ambalo Waingereza na Wajerumani wa 1917 hawakulikubali: kwamba wanaokufa kwa mkono wake lazima wahesabiwe nalo lenyewe.

Kongo inatukumbusha kwa nini kuhesabu kunapiganiwa. Shirika la misaada la International Rescue Committee (IRC) lilikadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 watu milioni 5.4 walikufa kutokana na vita, wengi wao kwa malaria, kuhara, utapiamlo na uzazi usio na huduma. Watafiti wengine walipinga wakisema idadi imezidishwa mno. Ubishi huo haujaisha, nao una faida kwa wenye bunduki. Maadamu hesabu haijulikani, kila kamanda anaweza kudai kwamba waliokufa ni wa mwingine, au wangekufa tu.

Turudi kwa wapagazi, kwa sababu kwao kutohesabu kuligeuka kuwa faida ya shilingi na senti. Marehemu wengi waliacha mishahara ambayo haikulipwa. Majina yao yaliandikwa kwa kubahatisha, vijiji vyao vikaandikwa vibaya, na warithi hawakupatikana. Maofisa wa koloni waliomba fedha hizo angalau zitumike kwa manufaa ya jamii walizotoka. London ilikataa. Aliyekufa bila jina lililoandikwa sawasawa alikuwa amesamehe deni bila kuulizwa.

Nenda katikati ya Dar es Salaam uitazame Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Yuko askari mmoja na bunduki yake. Nairobi na Mombasa wamemchonga mpagazi pia, pembeni ya wenye silaha. Kwetu mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini tu, naye mwanakijiji aliyekufa Mtunya hayumo popote. Katika makaburi ya kijeshi ya Taveta kuna mawe yenye majina, vyeo na tarehe za askari wa kigeni waliofia milima ya Latema na Reata. Wapagazi waliowaletea maji na risasi hawana mawe hayo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita vile. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Radhi ni neno zuri, lakini haliandiki jina la mtu. Kazi hiyo imebaki kwetu, na muda wake unakwisha, kwa maana waliosimuliwa na baba zao sasa wana miaka themanini na zaidi. Kama ukoo wenu, Ugweno au Usangi, Kwakoa au Same, una babu aliyechukuliwa vitani asirudi, au bibi aliyezikwa mwaka wa njaa, wakalisheni wazee msimu huu na muwaulize. Andikeni jina lake kama lilivyotamkwa nyumbani, ukoo, kijiji, alichukuliwa na nani, na alionekana wapi mara ya mwisho. Nakala moja ibaki na ukoo, nyingine ipelekeni ofisi ya kijiji, na ya tatu Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.